Dawa ya Kugawana

Nyumbani kwa mama, Gashoho, kulikuwa na kikombe cha bati ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukinywea. Kilikaa nje, kwenye msumari ukutani, mbali na vyombo vingine, kimefungwa uzi mwekundu mkononi ili wajukuu wasije wakakosea. Kilikuwa kikombe cha kupimia dawa ya magugu. Kwa miaka nilikichukia kile kikombe, na nitaeleza kwa nini, ingawa mume wangu anasema habari hii nikiianza simalizi. Basi anivumilie.

Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania nilikuwa tayari binti wa kuolewa. Baba hakurudi, alibaki kwenye makaburi ya kambi. Mama alirudi na mimi, na mabati tuliyopewa, na posho ya kuanzia maisha, na jambo moja kichwani: kipande cha mpunga bondeni, chini ya mlima wetu. Baba alikilima kabla ya kukimbia, na kule kambini alikuwa akikisimulia mpaka sisi tukachoka. Mfereji unapindia wapi, jiwe la kunawia miguu liko upande gani, maji yanachelewa kona ipi. Nilikijua kabla sijakitia machoni.

Tulipofika tulikikuta kina mwenyewe. Jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji alikuwa akikilima tangu tulipokimbia, na watoto wake walikuwa wamekua kwa wali wa pale. Hakuwa mtu mbaya. Wala hakufurahi kutuona, na mimi sikumlaumu kwa hilo, maana nani angefurahi? Wazee wa mlima, ambao kwetu ndio kijiji, wakakaa, wakaongea wee, wakakata shauri: nusu ya juu ibaki kwa jirani, nusu ya chini iwe ya mama.

Kisha ukaletwa mtungi wa pombe ya ndizi na mirija miwili. Kwetu maneno hayajaisha mpaka waliogombana wainame pamoja kwenye mtungi mmoja. Sasa, mama yangu alikuwa ameokoka kambini. Pombe haigusi, hata ya kuonja kwa ncha ya ulimi.

"Mimi sinywi," alisema. "Nilimwahidi Mungu."

Anayekataa mtungi wa namna ile anahesabiwa kuwa amebaki na kinyongo, na sisi ndio kwanza tumeshuka kwenye lori. Jirani alikuwa ameshashika mrija wake; akauweka chini taratibu. Mimi niliona aibu hadi masikioni. Mama akainuka, akaingia ndani, akatoka na chupa ya dawa ya magugu na kile kikombe. Dawa hiyo aliijua kule Tanzania, alikokuwa akifanya kibarua kwenye mashamba ya mpunga ya watu, na alirudi nayo imeviringishwa ndani ya khanga. Inaua magugu na kuuacha mpunga. Hapa kwetu wakati ule walioijua walikuwa wachache.

"Pombe siwezi," akasema. "Lakini hii nitagawana naye kila msimu, mpaka mmoja wetu afe."

Akamimina nusu kwenye kikombe mbele ya watu wote. Mzee mmoja alicheka, mwingine akasema sawa, kitu kimoja kimegawanywa na macho yameona, yatosha. Jirani akaipokea nusu yake kwenye chupa ya soda. Mungu alituhurumia tu hakuna mtoto aliyewahi kuinywa.

Tangu hapo ikawa desturi. Msimu huu ananunua mama, msimu ujao ananunua jirani, na kila mara inagawanywa kwa kikombe kile kile, pale pale kwenye tuta linalotenganisha vipande vyao. Chupa moja ilikuwa kipimo cha kipande kimoja. Wao waliongeza maji ndani ya bomba la kupulizia la mgongoni mpaka ifike mwisho wa shamba, na ilifika. Magugu yalinyauka, mpunga ukabaki wa kijani. Watu waliopita barabarani walisimama kutazama, na mama alijifanya hawaoni.

Hapo ndipo alipoanza kuwa mtu tena. Kule kambini alipanga foleni ya mahindi na kadi mkononi. Hapa alikuwa na shamba la mume wake. Nilipoolewa Gitega, katika mtaa wa Musinzira, na kuanza kushona nguo za shule, nilimsihi aje tukae wote. Alinijibu kwamba maiti ndiyo inayohamishwa bila kuulizwa. Mama yangu alikuwa na mdomo, na mimi nimeurithi.

Kisha magugu yakaanza kukataa kufa.

Gugu lenyewe lilikuwa moja, lile linalofanana na mpunga. Likiwa changa huwezi kulitofautisha usipoinama, maana tofauti iko chini kwenye shina, kwenye wekundu kidogo. Mama aliliita shemeji wa mpunga: linakuja kama ndugu, linakaa mezani, linakula, na halifanyi kazi. Mwaka huo wa kwanza alipiga dawa kama kawaida, akasubiri, na mashemeji wengi wakabaki wamesimama. Walichomoza vichwa juu ya mpunga na kumwaga mbegu majini kabla hata ya mavuno. Alivuna kidogo sana. Kwa simu aliniambia neno moja tu: dawa imekataa.

Maneno yakaanza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulipewa, na sasa wakasema hatulijui. Marapatriye, yaani sisi tuliorudi, wakasema, wamezoea posho, kuinama hawawezi. Jirani naye, ambaye gugu lilikuwa limeingia kwake pia, alimwambia mkewe, na mkewe akasema kisimani, kwamba gugu lile lilitoka Tanzania ndani ya mbegu zetu. Na mimi, sina sababu ya kuficha, nilikuwa na langu moyoni. Nilidhani jirani anaitia maji ile dawa msimu wa zamu yake. Nilidhani anataka shamba lake lirudi. Kikulacho ki nguoni mwako, nilimwambia mama, na mama akanikatia simu.

Komite ya bonde ilikuwa na sheria yake: kipande kikishindwa na magugu misimu miwili mfululizo, kinapewa mwingine, kwa sababu mbegu zinasafiri na maji na kuharibu bonde zima. Sheria yenyewe haikuwa ya uonevu. Lakini msimu mmoja mama alikuwa ameshashindwa. Ukija mwingine kama ule, shamba la baba linaondoka, na mara hii hakuna wa kumrudishia. Walimwambia hivyo wakiwa wamesimama kwenye tuta, kwa adabu, kofia zao mikononi.

Mimi nikaenda sokoni Gitega kutafuta dawa nyingine. Kulikuwa na mfanyabiashara Mwislamu, mtu wa salamu ndefu, ambaye duka lake linanuka dawa hizo mpaka barabarani.

"Ile ya zamani imekataa," nilimwambia.

"Dawa haikataake, mama. Watu ndio hawajue kupiga. Lakini kama we unataka ingine, iko. Hii ni mupya. Angalia, hata chupa iko tofauti."

Ilikuwa tofauti kweli, kifuniko cha njano na picha ya suke nono. Nikainunua, nikapanda gari hadi Muyinga na kutoka Muyinga pikipiki hadi Gashoho, chupa nimeipakata. Nilimpa mama nikamwambia: "Hii ni yako peke yako. Yote. Usimgawie mtu, umenielewa?"

"Nimekuelewa," akasema.

Asubuhi nikamkuta kwenye tuta na kile kikombe chake. Jirani amesimama upande wake na chupa ya soda, na mama anamimina kama mtu anayepima dawa ya mtoto. Nilishuka ule mteremko nikikimbia, lakini nilipofika nusu ilikuwa imeshaondoka. Jirani aliniona uso wangu, akanisalimia, akaenda zake.

"Mama, shamba linaondoka na wewe unagawa dawa?"

"Ni zamu yangu."

"Zamu gani? Kuna zamu kwenye kuzama?"

"Shusha sauti, bonde lina masikio," akasema. "Mimi nitakufa hapa, na wewe uko Gitega. Nikianguka kwenye mfereji huu, atakayesikia ni yule. Unataka nimnyime kikombe cha dawa?"

Nilikasirika kiasi cha kushindwa kula. Nikarudi Musinzira bila kumuaga vizuri, na njia nzima nilimtukana yule mzee moyoni, na mama pia nikamgusa kidogo.

Dawa ya kifuniko cha njano haikufanya kitu. Mashemeji walipauka rangi kidogo, wakakaa kama wagonjwa, kisha wakaamka. Mama aliingia kung'oa kwa mikono, peke yake. Jirani alikuwa na wakaza wana, wanawake wenye nguvu, waliopita kipande chake wakang'oa yaliyobaki. Ndiyo maana kwake kulionekana afadhali. Mama alikuwa na mgongo wake tu. Zamani bonde lote lingeshuka kusaidiana kung'oa, leo kwako kesho kwangu. Lakini tangu dawa ilipoenea kila mtu alipiga bomba lake akaenda nyumbani, na ile kazi ya pamoja ilikuwa imekufa kimya kimya bila mtu kuilia.

Siku hizo nilikuwa nikipeleka nguo zangu kuuza Mutaho siku za soko. Kule pia kuna bonde la mpunga, na nilisikia kwamba agronomu wa pale, yaani bwana shamba, anaongea na watu bila kuwafokea. Nikaomba mama anitumie lile gugu kwa dereva, mzima na mizizi yake, limefungwa kwenye mfuko wenye maji. Nilimkuta yule bwana kando ya barabara, akisubiri pikipiki yake ijazwe upepo. Akalitoa gugu kwenye mfuko, akalikagua shina.

"Hii hata hapa iko," akasema. "Munapimaka dawa namna gani?"

"Chupa moja watu wawili. Tunagawana, tunaongeza maji."

"Tangu lini?"

"Tangu tulivyorudi."

Akalirudisha gugu kwenye mfuko.

"Bon. We unajua chanjo ya mutoto? Wanamupa kidogo tu ya ugonjwa, mwili unajifunza. Nyie, mama, munachanja magugu. Munapiga dawa nusu: zile nyonge zinakufa, zile kali zinabaki, zinazaa. Mwaka ingine, tena. Sasa kule kwenu iko watoto ya zile kali tu."

Nikamtolea ile chupa tupu ya kifuniko cha njano, ambayo mama aliituma pamoja na gugu. Akaigeuza, akanionyesha kwa ukucha maandishi madogo chini ya jina kubwa. Jina lile dogo, akasema, ndilo la dawa yenyewe. Lile kubwa ni la kuuzia tu. Nilikuwa nimehifadhi chupa moja ya zamani. Nilipofika nyumbani niliziweka pamoja dirishani, na yale maandishi madogo yalikuwa mamoja.

"Na tukipiga chupa nzima?" nilikuwa nimemuuliza kabla hatujaachana.

"Sasa? Hata mbili haifanyi kitu. Ni kung'oa na mikono, kabla haijazaa. Ao munaacha mupunga saison moja, munapanda kitu ingine."

Kuacha mpunga msimu mmoja, wakati komite inahesabu misimu. Nilimshukuru, nikauza nguo zangu, na sikumbuki hata moja niliyouza.

Lakini nilikuwa nimepata silaha, au ndivyo nilivyoona. Nilikwenda Gashoho kabla ya siku ya komite nikamweleza mama kila kitu: nusu kipimo, chanjo, watoto wa zile kali. "Utasimama useme hivyo," nilimwambia. "Si uvivu, ni dawa. Na si wewe peke yako, ni nyinyi wawili. Kama ni kosa, ni la kugawana. Waambie."

Alisikiliza hadi mwisho, mikono yake mapajani, imekatwakatwa na majani ya lile gugu.

"Kwa hiyo ni kile kikombe," akasema.

"Ni kile kikombe."

Siku ya komite walikuja wakapita kwenye tuta wakitazama. Kipande cha mama kilikuwa cha mashemeji zaidi kuliko cha mpunga. Hata kipofu angejua kwa kupapasa. Mwenyekiti akauliza kama mwenye shamba ana neno. Nikamkanyaga mama mguu. Mama akatazama watu waliokuja, nusu yao waliobaki wakati sisi tukikimbia na nusu yao waliorudi kama sisi, wamesimama wamechanganyika kwenye yale matuta membamba, akasema: "Nimeshindwa na magugu. Sina neno."

Nilifungua mdomo mimi. Akanishika mkono, akaubana kweli kweli, na mkono wa mkulima ukikubana utanyamaza.

Wakampa jirani. Ndivyo sheria ilivyosema, aliyekilima kabla ya aliyeshindwa ndiye wa kwanza kuulizwa. Wakamuuliza kama anakitaka. Aliangalia chini, akasema anakitaka. Hivyo tu. Hakututazama.

Njiani kupanda mlima nilimuuliza mama kwa nini, na niliuliza vibaya, kwa kelele. Alisimama avute pumzi.

"Ulitaka niwaambie watu wa bonde hili kwamba kugawana ndiko kulikozaa magugu?" akasema. "Wale? Walivyo wale? Wangekumbuka hilo tu, na dawa wangesahau."

Nililia njia yote kutoka Muyinga hadi Gitega, na abiria mwenzangu akadhani nimefiwa.

Mvua za kupanda zilipokaribia nilirudi kumchukua. Safari hii hakubisha. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwamba hakubisha. Alikaa mlangoni akinitazama nikifunga vyombo kwenye shuka, na hata nilipolikunja vibaya hakuniambia kitu. Nilikuwa nimefika kwenye masufuria jirani alipoingia uani.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na mkononi ana chupa mpya ya dawa, kifuniko bado kimefungwa. Sikumkaribisha. Mama alimkaribisha.

"Mama, kikombe iko wapi?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Gashoho.

"Cha nini?" mama akasema. "Mimi shamba sina."

"Kwa komite, shamba iko yangu. Mi ningekataa, wangepatia mutu wa mbali, na huyo hangekujua we ni nani." Akajifuta jasho. "Kule chini iko yako kama zamani. Wakaza wana wangu wanaanza kung'oa kesho, chini na juu, pamoja. We njoo. Na huyu, kama anaweza kuinama."

Huyu ni mimi. Mama alimtazama, akanitazama, akatazama yale masufuria niliyokwisha kuyafunga. Mimi nilikuwa nimesimama na hasira zangu zote za miezi ile na sijui pa kuzitua, kwa hiyo nikazitua pale nilipozoea.

"Baba," nilimwambia jirani, "hiyo dawa haiui tena. Nimeambiwa na mwenye kujua. Hata upige chupa nzima, hata mbili."

"Najua," akasema. "Nimeijua tangu mwaka ule mwingine. Si mi pia nina macho?"

"Sasa umeinunua ya nini?"

Akanishangaa, kama nimeuliza kitu ambacho hata mtoto angekijua.

"Mama yako hanywi pombe," akasema.

Nikaenda kukitungua kikombe msumarini. Nikakishika kwa mikono miwili wakati mama akimimina.